Umehamia Kigoma kikazi? Usiishie Mwanga na ofisini

Kila mwaka naona wageni wanaletwa Kigoma na kazi, walimu, manesi, watu wa benki, watu wa mashirika, na wengi yani wanakaa miaka miwili mitatu afu wanaondoka hawaujui mji. Wanapanga mtaa wa Mwanga kwa sababu soko liko hapo na daladala hazisumbui, wanaenda kazini wanarudi, wikiendi ni mpira kwenye tv, ukiwauliza wanakwambia Kigoma imepoa, hakuna kitu. Hiyo kauli inaniuma kweli. Mimi nimekulia hapa na nakwambia mambo yapo mengi ila hayana ukumbi wala kiingilio, yako kwa watu, na kwa watu unafika kwa salamu na kwa kutembea.

Kwanza zoea saa za huku. Tupo magharibi kabisa ya nchi, jua linachelewa karibu dakika 40 nyuma ya Dar, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi unaweza kukuta bado giza, na jioni linazama kwenye saa moja hivi upande wa milima ya Kongo. Ukitoka kazini saa kumi una jioni ndefu mbele yako, usiimalizie kitandani na simu.

Asubuhi moja ya wikiendi nenda mwaloni Kibirizi, yani pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inaposhushia samaki, na uende mapema mitumbwi ikiwa inarudi. Dagaa wetu wanavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa dagaa wanaifuata, ndo maana ukisimama sehemu ya mwinuko usiku usio na mwezi unaona Ziwa Tanganyika limewaka taa kama kuna mji mwingine huko majini. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifanyi kazi vizuri, dagaa wanapungua na bei inapanda, kwa hiyo hapa hata mtu ambaye hajawahi kushika wavu anajua mwezi uko wapi. Ukifika mwaloni usianze kupiga picha. Wale kina mama wanaoanika wako kazini, salimia, mkubwa mpe shikamoo, ukiweza kusema "mwakeye", salamu ya Kiha, utaona nyuso zinafunguka, nunua hata kidogo, afu ndo uombe picha, na ukikataliwa basi. Angalia pia unapokanyaga maana pale chini ni mtaji wa mtu.

Na dagaa wa kutuma nyumbani usinunue kwa macho tu. Walioanikwa kwenye chanja wanakuwa na mchanga kidogo kuliko walioanikwa chini, chukua wachache uwasugue kiganjani utausikia mchanga kama upo, wanuse, waliopigwa na mvua rangi inafifia na harufu inabadilika. Muulize mama anayeuza atakwambia wameanikwa lini, wengi hawafichi ukiongea nao vizuri. Afu jifunze kuwapika kwa mawese, mwombe mama mwenye nyumba wako akuelekeze, usijifunzie youtube. Mimi ujirani wangu mzuri kuliko wote ulianzia jikoni kwa mama mmoja aliyekuwa ananionyesha sombe, yani kisamvu, inavyoungwa, tukawa tunapika huku ananihadithia mji ulivyokuwa, leo mwanae akiwa na shughuli mimi natangulia kufika.

Wageni wengi wanaulizia kituo cha reli cha Mjerumani na meli ya Liemba. Kaone, reli ilifika hapa mwaka 1914, piga picha zako urudi. Ujiji ndo usiende kwa haraka. Watu wanapanda bodaboda hadi kwenye mnara wa Livingstone, wanaambiwa hapa ndo alikutana na Stanley mwaka 1871, selfi mbili wamegeuza. Sasa hapo ndo ungeanza kutembea! Pita mitaani chini ya miembe, sikiliza Kiswahili kinavyozungumzwa, huu ni mji wa misafara ya zamani, kuna Wamanyema ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, kuna Waha, kuna familia zilizotoka pwani enzi hizo, na wazee wa hapo ukikaa nao barazani baada ya alasiri wanakufungulia mambo ambayo huwezi kuyaona kwenye kibao cha makumbusho. Usiwahoji kama polisi jamani, kaa tu, wao ndo wataanza kukuuliza wewe mtoto wa nani.

Waulize na mziki. Vijana wanajua ile Kigoma All Stars ya 2012, wasanii wa Kigoma walioimba pamoja, safi kabisa, lakini kabla yake kulikuwa na dansi, mwanamuziki Shem Karenga mwenyewe alipigia bendi ya Lake Tanganyika Jazz hapa hapa Kigoma kabla hajaenda kung'ara na Tabora Jazz. Wapo wazee walioyacheza hayo madansi na wanaondoka mmoja mmoja, ukipata ruhusa yao warekodi hata kwa simu, dakika kumi tu, umpe na mjukuu wake nakala.

Ukialikwa harusi nenda. Toa mchango kwa uwezo wako, nunua kitenge cha sare, na kitenge kipeleke kwa fundi mapema sana maana karibu na Idi au Krismasi hawashikiki. Msiba wa jirani usisubiri kualikwa, hata ukikaa nusu saa.

Na ukikuta ziwa limefungwa uvuvi kama walivyoanza mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, usiseme mwaloni hakuna kitu. Wavuvi wapo nchi kavu wanashona nyavu na kukarabati mitumbwi, wana muda wa kuongea ambao siku nyingine hawana, nenda na chai na maandazi ukae nao.