Barua taka: uzifute, ujiondoe au uziripoti?

SWALI: Kila siku napokea barua pepe za mikopo na zawadi nisizoziomba. Nikibofya "Unsubscribe" ndiyo kwanza zinaongezeka. Juzi imeingia moja inayodai kutoka benki yangu. Niiripoti wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Tenganisha kwanza. Matangazo ya duka au kampuni halisi uliyowahi kuiachia anwani yako, jiondoe bila wasiwasi. Tangu 2024 Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi (kwa Gmail, 5,000 au zaidi kwa siku) waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na waitekeleze ndani ya siku 2. Tumia kitufe ambacho Gmail yenyewe inakiweka juu, jirani na jina la mtumaji.

Za matapeli usibofye chochote ndani yake. Kile kiungo cha kujiondoa kinamhakikishia tapeli kuwa anwani yako iko hai na ina msomaji, na anwani ya namna hiyo huuzwa kwa wengine. Picha nazo huweza kumpa habari hiyo hiyo, kwa hiyo kwenye mipangilio chagua zisifunguke mpaka uruhusu.

Sasa hiyo ya benki. Ifungue kwenye kompyuta, bofya vidoti vitatu vya kulia, kisha "Show original". Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vinavyokagua kama barua imetoka kweli kwa mtumaji aliyeandikwa. DMARC ikisoma FAIL, ichukulie kuwa jina la benki limeghushiwa. Lakini PASS isikupe usingizi: inathibitisha tu kwamba barua imetoka kwenye kikoa (domain, sehemu ya anwani inayofuata @) kilichoandikwa, na tapeli anaweza kusajili kikoa chake kilichopishana na cha benki kwa herufi moja. Soma yote yanayofuata alama ya @, herufi kwa herufi.

Kuripoti, rudi kwenye vidoti vitatu uchague "Report phishing". Benki itumie nakala kwa "Forward as attachment". Ukiifowadi kawaida, taarifa za seva ilikopitia hubaki kwako, na wachunguzi wanazihitaji hizo kuliko maneno ya barua. Anwani ya benki itoe kwenye tovuti yao uliyoiandika mwenyewe, kamwe si ndani ya barua hiyo. Nakala nyingine ipeleke TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania; walioko Kenya wana KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kama ulishaingiza nenosiri, ripoti zisubiri. Pigia benki, badilisha nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha kagua mipangilio ya barua pepe yako ya vichujio (filters) na ya kufowadi. Hapa wengi husahau: mwizi huacha kichujio kinachomtumia nakala za barua zako hata baada ya nenosiri kubadilika.

SWALI: Napata taarifa kuwa barua nilizotuma zimeshindwa kufika, ilhali sikutuma. Nimedukuliwa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Huenda hujadukuliwa. Mtu ameandika anwani yako mahali pa mtumaji, na zinazogonga mwamba zinarudi kwako. Angalia folda ya "Sent", kisha bofya "Details" chini kabisa kulia mwa Gmail uone vifaa vilivyoingia. Pakiwa na kifaa usichokijua, fuata hatua za nenosiri hapo juu. Pakiwa shwari, ziripoti kama taka. Kwa kawaida hupungua zenyewe. Mwenye kikoa chake cha biashara aweke rekodi ya DMARC: aanze na p=none (hakuna kinachozuiwa) asome ripoti, ahakikishe barua zake halali zinapita, ndipo apande hadi quarantine (zinazoshindwa ziende kwenye taka) na mwishowe reject (zikataliwe kabisa). Akirukia reject siku ya kwanza, ankara zake mwenyewe zinaweza kukataliwa kwa wateja.