Kwa nini watu walimngojea Zakaria nje ya hekalu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya Jumapili hapa Mbeya. Igizo letu la Krismasi linaanza na Zakaria hekaluni, na watoto nimewapanga wakae kwenye mabenchi mbele yake. Mzee mmoja wa kanisa ananiambia watu walikuwa nje. Nyumba ya ibada, watu wasali nje? Na mbona walishangaa kuhani alipokawia kidogo tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wako yuko sahihi, soma Luka 1:10. Sisi tukisikia hekalu tunaona kanisa: mabenchi, mimbari, kwaya pembeni. Lakini hekalu la Yerusalemu halikujengwa ili lijae waumini. Lile la Sulemani lilikuwa na urefu wa mikono 60 na upana wa mikono 20 (1 Wafalme 6), yaani kama meta 27 kwa 9. Yapo makanisa ya vijijini yanayolizidi. Ilikuwa nyumba ya Mungu. Watu mahali pao palikuwa uani.

Zama za Zakaria lilikuwepo lile ambalo Herode alianza kulijenga upya karibu mwaka 20 kabla ya Kristo. Nyua zake zilipangwa kwa daraja: watu wa mataifa nje kabisa, ndani zaidi wanawake wa Kiyahudi, kisha wanaume, kisha makuhani. Mgeni kuvuka mpaka wake ilikuwa kujitafutia kifo. Jiwe lenye onyo hilo kwa Kigiriki lilipatikana mwaka 1871, na leo liko Istanbul. Sasa unaelewa kwa nini Paulo nusura auawe katika Matendo 21, eti kamwingiza Trofimo wa Efeso.

Makuhani wenyewe hawakujiingilia tu. Walikuwa na zamu 24, Zakaria akiwa wa zamu ya Abiya, na wa kufukiza uvumba alipatikana kwa kura. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inaonyesha kwamba aliyekwisha kuipata nafasi hiyo hakupigiwa kura tena. Mzee yule basi, kwa umri wake wote, huenda ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

Kuhusu kukawia: mahali pale palitisha. Mishna hiyohiyo inasema kuhani mkuu, Siku ya Upatanisho, alisali sala fupi asije akawatia watu hofu. Ila ile hadithi ya kamba mguuni, ya kumvutia nje akifia ndani, tafadhali usiitie kwenye igizo. Inahubiriwa sana, lakini haimo katika Biblia. Kengele zimo, kwenye pindo la joho la kuhani mkuu (Kutoka 28). Hata hivyo siku ya kuingia Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa nyuma ya pazia, alivaa kitani tupu (Walawi 16), kwa hiyo hata kengele hazikuwepo.

Zakaria hakufika huko. Alikuwa upande wa huku wa pazia, penye madhabahu ya uvumba. Kwa hiyo watoto watoe nje, wasali wakiwa wamesimama. Malaika msimamishe kuume kwa madhabahu, ndivyo Luka anavyosema. Zakaria akitoka, waumini wakitazamia baraka, mwambie asitamke hata neno moja. Awaashirie kwa mikono tu. Huyo mtafutie mtoto anayejua kuigiza.