Je, Ni Vibaya Kupiga Vugo Nyumba Ikiwa na Majonzi?

SWALI

Shangazi, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Langoni, Lamu. Mwaka jana wakati wa kusi kaka yangu alipotea baharini pamoja na mashua yake, na tangu hapo nyumba yetu haijatulia. Mume wangu, aliyekuwa akivua naye, hataki tena kutoka kwenda bahari kuu, na wifi yangu, ambaye eda yake imekwisha zamani, hukesha mpaka alfajiri na chakula hakimpiti kooni. Sasa binti yangu mkubwa ameposwa, na harusi ni mwezi ujao. Baadhi ya wazee wanataka nikaha isomwe kimya kimya, bila vugo, ngoma yetu ya harusi ya kugonga pembe, wala usiku wa hina. Mtoto wa dada yangu anayeishi Marekani ananiambia kwamba Weusi wa huko huimba na kucheza hata wakati wa dhiki na msiba, nao husema kwamba furaha hiyo ndiyo iliyowaweka hai. Mimi naona haya hata nikicheka. Je, kufurahi sasa si kuwakosea huruma aliyekufa na aliyefiwa?

Mama Harusi, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mola amrehemu kaka yako na awape nyote subira. Nitaanza na jibu lenyewe ili nisikuweke roho juu: mpigieni binti vugo. Nasema hivyo nikiujua msiba wa bahari, kwani aliyepotea majini hana kaburi la kuzuriwa, na majonzi yasiyo na kaburi hukawia kutulia. Hata hivyo dini yetu imeyawekea matanga mpaka, siku 3 kwa ndugu na jamaa, na miezi 4 na siku 10 kwa mjane. Huzuni itakaa moyoni kadiri itakavyokaa, lakini mpaka huo ukishapita simwoni aliye na haki ya kuifanya iwe sheria ya nyumba nzima, tena juu ya kichwa cha msichana anayeolewa mara yake ya kwanza.

Huyo mwanenu aliyeko Marekani amesema kweli, ila maneno yake yanahitaji kuelezwa, maana aliye mbali anaweza kudhani kwamba watu hao hucheza kwa sababu hawaumii. Watumwa wa South Carolina walikatazwa ngoma kwa sheria ya mwaka 1740, baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa mwaka 1739. Katika mashamba ya kusini watu waliokosa ngoma walipiga makofi na kukanyaga kwa visigino, wakazunguka duara wakiimba na kuitikiana. Huko Texas nako, habari ya uhuru ilitangazwa tarehe 19 Juni 1865, zaidi ya miaka 2 tangu Rais Lincoln atoe tangazo lake la tarehe 1 Januari 1863. Waliokombolewa wakaanza kuiadhimisha siku hiyo kila mwaka, na mwaka 1872 Weusi wa Houston walichanga fedha wakanunua ekari 10 za ardhi ili wapate mahali pao wenyewe pa kusherehekea. Nakuomba ukae na habari hiyo kidogo. Watu waliotoka utumwani miaka 7 tu nyuma, katika nchi iliyokuwa bado ikiwatesa, walikubali kutoa senti zao kwa ajili ya uwanja wa kufurahia, kwa kuwa waliiona furaha kuwa ni hitaji kama mahitaji mengine.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na swali lako uko New Orleans. Huko bendi ya matarumbeta husindikiza jeneza kwa nyimbo za polepole, na watu wakishaagana na maiti muziki huchangamka, wafiwa wakarudi wakicheza njiani, leso na miavuli ikipepea, na machozi hayajakauka. Sisi Waislamu hatuziki kwa muziki, wala sikushauri hivyo. Ninalotaka ulione ni utaratibu wao: kilio hutangulia, kikapewa nafasi yake yote, kisha furaha ikaja kwa miguu ile ile.

Na kwetu pwani hatukosi mifano. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wa upande wa Malindi kwa kifudu, ngoma ya matanga, na katika duara hilo la wafiwa wakapata moyo wa kukataa amri za Waingereza. Hapo hapo Langoni kwenu, mwanachuoni Habib Swaleh alikaa na watu waliodharauliwa, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao, akawasomesha, na maulidi yakasomwa kwa matari ijapokuwa wako waliomlaumu. Kila mwaka mnayasikia matari hayo kwenye msikiti wa Riyadha, na simjui mtu wa Lamu anayethubutu kuyaita utovu wa huruma.

Sasa nije kwenye harusi yenyewe. Kabla ya shughuli yoyote, msomeeni kaka yako hitima, jina lake litajwe waziwazi na anayetaka kulia alie. Msikope. Mwaka 1966 Weusi wa Marekani walipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa walichukua maneno ya Kiswahili yakawa nguzo zake, na mojawapo ni ujima, kazi ya pamoja; basi nasi wenye lugha tusione haya kulitumia neno hilo, kila jirani alete kibaba chake cha mchele. Mumeo asisukumwe kurudi bahari kuu. Avue kwanza na wenzake ndani, karibu na mikoko, au akae nao pwani wakishona nyavu, kwa maana mwanamume aliyeogopeshwa na maji hupona haraka zaidi akiwa na wenzake kuliko akibaki kitandani.

Wifi yako ndiye anayenitia wasiwasi. Mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki 2 mfululizo, na hali hiyo ikamshinda kufanya shughuli zake, hayo yaweza kuwa maradhi yanayotibika, wala si upungufu wa imani. Mpeleke Hospitali ya King Fahd, uombe aonwe na mhudumu wa afya ya akili. Asomewe dua pia kama anapenda, kwani dua na dawa hazigombani. Akitamka kwamba anatamani kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe siku hiyo hiyo. Usimlazimishe kucheza wala kutabasamu, na yeyote atakayemwambia ajikaze kwa sababu ya harusi, mnyamazishe kwa adabu. Kama ataweza, mpe kazi ndogo ya mikono, atunge asumini za bibi harusi akiwa ameketi na mwanamke mmoja anayempenda, karibu na mlango ili aweze kutoka akizidiwa.

Jambo la mwisho ni njia ya vugo. Unajua mitaa yetu ilivyo myembamba: pembe zikigongwa kwa vijiti, sauti hurudishwa na kuta pande zote mbili, na aliye ndani huisikia kana kwamba wapigaji wamo chumbani mwake. Kwa hiyo usimshtue wifi yako. Nenda kwake siku chache kabla, mkiwa wawili tu, umwulize kama angependa msafara upite mlangoni pa marehemu, na ukipita, pembe zipigwe au zinyamaze mpaka mtakapokata kona. Atakalolichagua, waambie wapigaji walifuate.