Re: Maktaba imejaa, hosteli kelele, nisomee wapi?

Mambo mkuu. Nimekusoma, unasema maktaba ukifika saa nne tu viti vyote vimeshawekewa mabegi, hosteli nako rumeti hazimi muziki, na mitihani ndo hiyo. Mimi yalinikuta mwaka wa pili.

Anza na madarasa matupu. Angalia ratiba ya vipindi, tafuta vile vyumba vidogo vya semina vinakaa wazi saa ngapi, piga picha kwenye simu uwe nayo. Ila mlinzi msalimie umwambie upo mpaka saa ngapi, mimi nilishafungiwa ndani jioni nzima kisa sikuaga (nilichekwa wiki nzima).

Dipatimenti nyingine nazo huwa na kimaktaba chao, watu wanadhani ni cha wenyewe tu kumbe ukiuliza kistaarabu pengine wanakuruhusu. Na hata hiyo maktaba kuu panda ghorofa za juu, wengi wavivu wa ngazi wanagombania chini karibu na mlango.

Kabla hujatandaza vitabu chomeka chaja kwanza uone soketi inafanya kazi kweli, nyingine ni pambo tu. Kantini mi siipendekezi, labda kupitia notsi nyepesi, maana kila anayepita anakujua na masaa mawili yanaishia kwenye stori. Hesabu zinataka ukimya kabisa, ila insha mi naandika fresh tu hata penye kelele kidogo, kwa hiyo jipime mwenyewe somo gani linakaa wapi.