Yamefutika au umeyafuta?

SWALI: Mwalimu, nasimamia kompyuta za Linux ofisini kwetu, na kazi nyingi naifanya kwa kuandika amri. Kwenye taarifa niliandika "faili zimefutika", bosi akasahihisha "mafaili yamefutika". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Bosi wako, kwa nusu. Faili, mafaili: ngeli ya LI-YA, ndivyo niandikavyo mimi, ingawa I-ZI imeshazoeleka na sitagombana nayo. Neno tulilipata kwa Waingereza, nao kwa Wafaransa, waliokuwa wakitunga karatasi kwenye uzi. Yaishe.

Kilichonikera ni hilo "futika", ambalo nyote wawili mmelipita kama hamkuliona. Kiambishi -ik- hueleza hali bila kumtaja mtenda. Glasi imevunjika, aliyeishika yuko pembeni anapangusa mikono. Nakisia yaliyotokea kwenu, maana ni yale yale kila ofisi. Ulitaka kuandika rm picha*, yaani futa kila faili ambalo jina lake linaanza na "picha". Kidole kikaacha nafasi: rm picha *. Nyota ikisimama peke yake ni mafaili yote yasiyofichwa ya folda uliyomo. Na rm kwa kawaida haikuulizi kama una hakika usipoiongezea -i, wala haina pipa la taka la kuchakura baadaye. Ilitumwa, ikatii. Mtenda yupo, ana jina na nywila, na akibonyeza mshale wa juu ataiona amri yake inamtazama. Halafu "yamefutika"! Yalichoka kukaa kwenye diski? Mzee wa Pwani, ambaye kwake kufutika ni kuchomeka kitu kiunoni, atauliza yamefutika nini, kisu au pochi.

Andika "nimeyafuta". Ukiogopa sana, "yamefutwa". Hiyo -w- angalau inakiri kuwa kuna mtu, kumtafuta tuachie sisi.

Siichukii -ik-. "Faili hili halifutiki" ni Kiswahili safi: huna ruhusa ya kuandika kwenye folda lilimo, basi haiwezekani. Na diski ikifa yenyewe, haya, semeni yamefutika, navumilia. Ingawa hata hapo ningeuliza nakala ya akiba iko wapi, na nani alitakiwa kuiweka.