Wa kwanza awe mama

Swali lenu la wiki: ikipatikana dawa ya kurefusha maisha, ungeimeza ufike miaka 100? Nilishajibu moyoni: sitaki. Halafu mkataja kwamba Marekani wapo madaktari wanaotaka kuwajaribia metformin wazee wasio na kisukari, waone kama itachelewesha maradhi ya uzeeni. Metformin! Si ndiyo ya mama, hiyo iliyotibu sukari Ulaya tangu 1957?

Niwaambie ya huku kwetu Busia, Uganda. Siku ya kliniki ya sukari mgonjwa haendi akiwa amekula. Mwezi wa pili mimi mwenyewe nilimpeleka mama, saa kumi na mbili asubuhi tuko watatu juu ya boda, yeye katikati. Daftari lake la matibabu, lile la wanafunzi la kurasa 32, alilifunga kwenye kavera, mfuko wa plastiki, lisilowane. Akaliweka kwenye rundo mezani, akakaa. Saa nne muuguzi akatangaza vijiti vya kupimia vimeisha, kuna mtu kavifuata. Saa sita mama mikono ikaanza kutetemeka. Bibi wa benchi moja naye akafungua leso, akamkatia nusu ya gonja, ndizi ya kuchoma. Akala. Vijiti vikafika saa saba, mashine ikasoma 16, sukari iko juu, muuguzi akamfokea mbele za watu: "Jaja (yaani bibi), si nimesema msile?" Mama hakujibu. Alikuwa anafuta vidole kwa ncha ya leso, kimoja kimoja. Kwenye dirisha la dawa tukaambiwa metformin hakuna, tukanunue.

Tangu hapo anameza kidonge kimoja kwa siku badala ya viwili, vimfikishe mwisho wa mwezi. Anadhani sijaona.

Na zile shilingi 25,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi, hazipati. Uhuru wa 1962 ulimkuta na mtoto mgongoni, lakini kitambulisho kinasema alizaliwa 1953. (Hesabu wenyewe.)

Kwa hiyo nilianza kuandika nikiwa nimekataa, tena kwa hasira. Sasa naona ningeimeza, maana metformin ni kidonge cha kawaida tu, si uchawi. Ila kwanza mama apate vyake viwili, na mwezi unaofuata nisikute dirisha tupu. Na siku ya kwenda kuichukua, mniruhusu ninywe chai kabla sijatoka nyumbani.