Gundi iliyokuwa bado inang'aa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama si hatari kutoka peke yako na baiskeli, siku nzima, kupitia vijiji vya chini ya mlima. Swali lako nimekaa nalo siku mbili. Kila nikianza kujibu habari ya hatari, moyo unanirudisha kwenye mteremko ule.

Unaujua, maana baba yako hachoki kuusimulia, ila yeye huishia pale nilipoponea kuanguka. Hakuwepo. Nilikuwa nikinyonga tangu alfajiri, gia nyepesi, na kila kilima kikiisha kinazaa kingine. Mlima wenyewe unauona mbele umetulia. Miguu inamalizwa na hivi vidogo. Saa nane mchana nikaanza kuhofia giza. Kwenye mteremko mrefu nikabana breki bila kuachia, raba zikasugua rimu mpaka ikapata moto, na kiraka cha zamani kwenye tyubu kikalegea kwa joto. Ilitakiwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, rimu ipate kupoa. Nilijua hivyo. Nasema siku zote: baiskeli haina haraka, haraka anayo aliyeipanda.

Nikaikokota hadi kijiji cha kwanza, nikavua tairi chini ya mti. Binti wa miaka kama kumi akaja kuchuchumaa karibu. Nikasugua tyubu kwa msasa, nikapaka gundi, nikashika kiraka. Akasema, "Mama, bado inang'aa." Na kweli, gundi ile huachwa kwanza ikauke, mng'ao uishe, ndipo kiraka kinashika. Nikamjibu, "Niache, mwanangu, nina haraka."

Hapana. Sikumwita mwanangu. Nilisema "Niache," basi.

Kilomita mbili hivi, tairi chini. Nikarudi kwa miguu. Alikuwa palepale. Hakusema neno, aliingia ndani, akatoka na beseni la maji, akalishika kwa mikono miwili huku nikizungusha tyubu majini kutafuta mapovu. Nilipopaka gundi mara ya pili nikamwachia yeye aamue. Akawa anagusa ukingoni kwa ncha ya kidole, anasubiri, anagusa tena. "Sasa," akasema. Kiraka kile kilinifikisha nyumbani.

Ningekuwa na mwenzangu, pengine angenizuia. Au tungeharakisha wote wawili. Lakini ningekuwa na mwenzangu, yule mtoto asingesogea. Watu wanaoongea wao kwa wao hakuna anayewachuchumalia. Hilo ndilo ninaloliona kila nikiwaza safari ya peke yako. Halafu naikumbuka ile kona ya mteremkoni nilipoponea kuanguka, na jinsi ambavyo kama ningeanguka hakuna ambaye angejua mpaka jioni, na nabaki sina jibu.

Kaka yako nilimkataza, akaenda vilevile, tena bila pampu. Kwa hiyo wewe sikuambii nenda, wala sikuambii usiende. Umri wako si wa kuambiwa. Ninachotaka ni utoke mapema, unijulishe njia utakayopita, na mtu akikusemesha kijijini, usimame umsikilize. Haraka anayo aliyeipanda.

Ile gundi iliyoko kwenye kopo la misumari usiitegemee, imeshakauka yote. Nunua nyingine kabla ya Jumamosi.

Mama yako